Moba, Agosti 1964, na Filamu ya Mtu Aliyecheka

Vijana wa Moba wakisikia habari za vita vya mji wao, mawazo yao hukimbilia Novemba 1984, wapiganaji wa chama cha waasi cha PRP, cha Laurent-Désiré Kabila, walipouteka mji kwa siku chache kabla ya jeshi la Mobutu kuurudisha mikononi mwake; au Juni 1985, waliporudi mara ya pili. Ni haki yao, maana wazazi wao ndio waliokimbilia milima ya Marungu na watoto mgongoni. Sisi tuliokwisha kuota mvi tunavyo vita vingine vya kusimulia. Vilipita tu kwetu, vikaenda kuua watu Kalemie. Nilikaa navyo moyoni miaka yote bila kudhani kwamba kuna mtu anayevihitaji, hadi nilipoiona filamu ya Wajerumani wawili, Walter Heynowski na Gerhard Scheumann. Hapo nikaelewa kwamba upande mmoja wa habari ile ulikwisha kurekodiwa zamani, kwa ufundi mkubwa, na upande wa pili bado uko vinywani mwetu, nasi tunazidi kupungua.

Mwaka ule wa 1964 ramani na mihuri ya posta bado viliuita mji wetu Baudouinville. Sisi wenyewe tulisema Moba kwa kule chini bandarini, na Kirungu kwa kule juu kwenye misheni ya Mapadri Weupe, penye kanisa kubwa la matofali. Huko ndiko Stefano Kaoze alikopewa upadri mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza katika zama hizi, na kila mtoto wa shule ya misheni alijua jina lake kabla ya kujua jina la gavana. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Filamu tulizozijua ni zile ambazo mapadri walituonyesha usiku juu ya shuka jeupe: maisha ya watakatifu, na vichekesho vya Matamata na Pilipili ambavyo Padri Van Haelst alivitengeneza kule Kasai. Tulicheka mpaka tukalia machozi. Sikuwa na wazo kwamba kamera inaweza kutumika kumhoji mwuaji.

Mwezi Juni wa mwaka ule Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati ule, iliangukia mikononi mwa waasi wa Gaston Soumialot. Jason Sendwe, rais wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, aliuawa huko. Habari zilishuka kusini kwa mitumbwi, kwa sababu ziwa halijui kizuizi. Watu walifika na vyungu, na kuku, na wagonjwa, wakisimulia habari za waasi hao, walioitwa Simba, waliopakwa dawa ya kuzuia risasi na za askari wa serikali waliotupa bunduki na kukimbia. Mwanzoni mwa Agosti Stanleyville nayo ikaanguka. Miezi ile hatukujua kesho ni ya nani. Mtu aliyesalimiwa njiani alifikiri kwanza kabla ya kuitika, maana salamu yenyewe ingeweza kuonyesha yeye ni wa upande gani.

Moïse Tshombe, ambaye Julai alikuwa amekuwa waziri mkuu kule Léopoldville, aliamua kununua askari. Alimpa kazi hiyo Mike Hoare, mtu wa asili ya Ireland aliyeishi Durban, naye akaokota watu Johannesburg na Salisbury: Waingereza, Makaburu, Wabelgiji, na Wajerumani. Kikosi chake cha kwanza kilipita kituo cha kijeshi cha Kamina, kisha kikaletwa Moba ili kitoke hapo kwa mashua, kipande ziwa kuelekea kaskazini na kuishambulia Kalemie kutoka majini. Mpango huo haukuulizwa kwa mvuvi yeyote.

Baba alitukataza kushuka bandarini. Lakini njia ya mbuzi ya upande wa mlima ilionyesha ufuko wote, na mtoto aliyekatazwa kutazama hutazama kwa bidii zaidi. Niliwaona Wazungu wamevaa nguo za kijeshi mpya, ambazo bado zilikuwa na mistari ya kukunjwa sandukuni. Hawakufanana na askari wa Kibelgiji tuliowajua kabla ya Uhuru. Wale walitembea kama watu wanaolipwa kila mwezi. Hawa walikuwa na haraka ya mtu anayelipwa kwa kazi. Walihangaika na injini za mashua: moja inawaka, nyingine inakohoa, ya tatu inabebwa tena nchi kavu. Wavuvi wetu waliketi mbali kidogo wakitengeneza nyavu za ndagala, wakitazama bila kusema.

Walichokuwa wanakijua na hawakukisema ni hiki. Agosti ni mwezi wa upepo wa kusini. Mtu anayekwenda Kalemie anasukumwa nao mgongoni, na asiyelijua ziwa hufurahi, hudhani amepata msaada. Kumbe wimbi la nyuma ndilo baya kwa chombo kifupi chenye mzigo mzito. Linapanda kwa nyuma, linainua injini nje ya maji, kisha linashuka na kumwaga ndoo nzima ndani. Mvuvi wa kwetu hungoja upepo ulale usiku, hupita karibu na ufuko, hulala kwenye vijiji njiani, na safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 100. Wazungu wale walikuwa na saa mkononi. Waliondoka, na usiku ule ufuko mzima haukuwasha taa za uvuvi.

Baada ya siku chache zikaja habari. Shambulio lilikuwa limeshindwa. Walipofika upande wa Kalemie walipokelewa kwa risasi, wakarudi nyuma, na wenzao wawili wakabaki wamekufa. Wote wawili walikuwa Wajerumani. Mji ulikuja kuchukuliwa mwisho wa Agosti na askari wa serikali waliofika kwa njia ya nchi kavu.

Babu yangu ndiye aliyeshtushwa na neno «Wajerumani» kuliko mtu yeyote nyumbani. Yeye alikuwa tenga-tenga wa Wabelgiji katika vita vya kwanza. Alibeba masanduku ya risasi mwaka 1916 walipovuka kwenda kumfukuza Mjerumani mpaka Tabora. Alikuwa amezika wenzake njiani, wengi wao kwa kuhara na njaa kuliko kwa bunduki. Maishani mwake mwote Mjerumani alikuwa adui ambaye, ili ashindwe, Mbelgiji alimbebesha babu mzigo. Sasa anaambiwa Mjerumani amerudi ziwani, na safari hii ameletwa na serikali yetu wenyewe, kwa fedha zetu. Aliuliza, «Basi sisi tulibeba vile vitu vya nini?» Baba hakumjibu. Mimi nimekuwa mwalimu wa historia miaka mingi, na katika vitabu vyote nilivyofundishia sijalikuta swali lililokwenda ndani zaidi ya hilo.

Shangazi yangu alikuwa Kalemie siku zile, karibu na kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Alinusurika kwa Simba na alinusurika kwa wale waliokuja baada ya Simba, na alikuwa akisema kwamba siku za pili zilimtisha zaidi, kwa kuwa hakuna aliyezitarajia. Wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta vijana. Alama yoyote mwilini, hata chale ya dawa ya kichwa, ilitosha kumfanya mtu aitwe mwasi. Hakutaja idadi. Alitaja nyumba: kwa fulani, kwa fulani, kwa fulani, akifuata barabara kwa kidole hewani.

Ndivyo nilivyokuwa nimeibeba habari hii, mpaka mpwa wangu aliyesomea Leipzig alipokuja likizo na kompyuta, akasema, «Mjomba, kuna mzee mmoja Mjerumani hapa anaitaja Albertville.» Akanionyesha filamu iliyorushwa na televisheni ya Ujerumani Mashariki Februari 1966. Kwa Kijerumani jina lake ni «Der lachende Mann», yaani mtu anayecheka. Tuliitazama usiku kucha pale Kalemie, kwa sababu alikuwa akisimamisha kila baada ya sentensi mbili ili anitafsirie, na umeme ulikatika katikati tukangoja.

Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, zaidi ya saa moja, na karibu yote ni uso wa mtu mmoja. Anaitwa Siegfried Müller. Alizaliwa 1920, alipigana katika jeshi la Hitler, akahamia Afrika Kusini, na mwaka 1964 akajiandikisha kwa Hoare. Alikuwa katika safari ile ya ziwani. Baadaye alipewa kikosi chake mwenyewe, Komando 52, akatumwa kaskazini-magharibi, upande wa Boende. Mwandishi wa gazeti la Stern, Gerd Heidemann, alifuatana na watu wake akiwapiga picha, na Ujerumani ikamjua kwa jina la Kongo-Müller.

Mbele ya kamera amevaa nguo zake za vita za Kongo, na kifuani amebandika Msalaba wa Chuma, nishani aliyoipata katika vita vya Hitler. Anakunywa. Kadiri chupa inavyoshuka, ndivyo tabasamu linavyopanda. Anaulizwa kwa heshima na sauti tulivu, naye anajibu kwa furaha ya mtu anayeona kwamba hatimaye amepata wasikilizaji wanaostahili. Alikuwa akiilinda Magharibi, anasema. Alikuwa akiendeleza kazi ileile. Anaulizwa habari za kuua, na bado meno yanaonekana.

Mahojiano yale yalifanyika Munich, Novemba 1965. Müller aliamini kwamba anazungumza na watu wa televisheni ya Ujerumani Magharibi, wa upande wake. Kumbe Heynowski na Scheumann walitoka Berlin Mashariki, na hawakumfumbua macho. Mwezi uleule, upande wa Fizi, Che Guevara alikuwa akivuka ziwa kurudi Kigoma baada ya kushindwa, na kule Léopoldville Mobutu alikuwa akichukua madaraka. Sisi tulisikia kwa redio habari ya Mobutu tu. Ya Che tuliisikia baada ya miaka mingi. Ya Munich, mimi niliisikia uzeeni.

Mpwa wangu aliniuliza kama ni halali kumlewesha mtu na kumdanganya ili aseme. Swali zuri, na vijana wanafanya vema kuliuliza. Nililifikiria sana. Barazani kwetu ushahidi wa mlevi haupokelewi. Lakini mtu huyu hakuletwa kwa kamba. Alikuja na sare yake mwenyewe na nishani yake mwenyewe, akapanga miguu, akaomba glasi. Ulevi haumfundishi mtu asichokijua. Na wazee walikwisha sema, lililo moyoni ulimi huiba. Kama wangejitambulisha, angewapa maneno ya askari mwenye adabu, na leo tusingekuwa na chochote. Hakuna mahakama iliyomwita Müller aeleze alichofanya Kongo. Alikufa Afrika Kusini mwaka 1983, mtu huru. Kiti kile cha Munich ndicho kizimba pekee alichowahi kukikalia, na waliomkalisha ni watu wa filamu.

Baada ya usiku ule nilitaka kujua watu hao ni akina nani. Heynowski alizaliwa Ingolstadt, Bavaria, mwaka 1927. Alianzia kwenye gazeti la kejeli la Berlin Mashariki, Eulenspiegel, akapanda hadi kuwa mkurugenzi wa vipindi katika televisheni ya nchi ile. Kabla ya Müller alikwisha kutengeneza filamu juu ya Hans Globke, msaidizi mkuu wa Kansela Adenauer, ambaye enzi za Hitler aliandika ufafanuzi wa sheria dhidi ya Wayahudi. Na mwaka 1965 alitengeneza filamu fupi, «Kommando 52», juu ya mamluki hao hao wa Kongo. Scheumann alikuwa mdogo wake kwa miaka mitatu, mwandishi wa habari aliyeanzisha kipindi cha Prisma mwaka 1963. Walipoungana juu ya uso wa Müller, kila mmoja alipata alichokikosa. Mmoja alijua kupanga nyaraka na picha mpaka ziseme, na mwingine alijua kuuliza na kunyamaza. Kunyamaza kwao katika filamu ile ndiko ninakokustahi kuliko yote. Mwalimu yeyote anajua jinsi ilivyo vigumu kumwacha mtu aendelee kuongea wakati jibu la kumkatiza limekwisha kufika kwenye meno.

Kutoka hapo walikwenda mbali. Mwaka 1968 walitoa «Piloten im Pyjama», mazungumzo ya sehemu nne na marubani wa Kimarekani waliokuwa wafungwa Hanoi. Hiyo sikuipenda kwa moyo mmoja, hata nikiuchukia ule ulipuaji wa Vietnam. Mtu aliyevaa nguo za gereza, mlinzi akiwa mlangoni, hana uhuru wa Müller wa kujiponza mwenyewe. Mwaka 1969 walipewa studio yao, Studio H&S. Baada ya mapinduzi ya Chile ya 1973 kazi yao ilifikia kilele: katika «Ich war, ich bin, ich werde sein», ya 1974, kamera yao iliingia kwenye kambi za wafungwa za Chacabuco na Pisagua, chini ya pua ya watu wa Pinochet. Walikwenda pia Kampuchea baada ya Pol Pot.

Serikali iliyowalipa ilikuwa na ukuta wake na wafungwa wake, na juu ya hao hawakutengeneza filamu. Lazima lisemwe. Mwaka 1982 Scheumann alisimama mbele ya watengenezaji filamu wenzake akalalamikia namna vyombo vya habari vya nchi yao wenyewe vilivyoficha ukweli kwa wananchi, na studio yao ikafungwa. Alikufa mwaka 1998. Siwezi kuwafanya watakatifu. Wala siwezi kuwachukua kama wapiga zumari wa chama tu, kwa sababu nimeuona uso ule, na uso ule ni wa kweli.

Kinachoniuma kiko mahali pengine. Kila kinachotushuhudia sisi watu wa pwani hii kimewekwa Ulaya. Desemba 1884 watu wa Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga boma Mpala, kaskazini kidogo ya Moba, walimwua mtemi Lusinga, na kichwa chake kikakatwa. Storms alirudi kwao na fuvu hilo, na mpaka miaka yetu hii limehifadhiwa Brussels, katika makumbusho ya sayansi. Na Mjerumani aliyeondoka kwenye ufuko wetu na bunduki, sauti yake imehifadhiwa Ujerumani, imesafishwa, imeandikiwa tarehe. Mtu wa Berlin anayetaka kujua Müller alisema nini juu ya Albertville atajua kesho asubuhi. Mtoto wa Kalemie anayetaka kujua barabara ile aliyoifuata shangazi yangu kwa kidole, nyumba kwa nyumba, atamwuliza nani? Shangazi amekufa. Nilikuwa na nafasi ya kumsikiliza. Kalamu na daftari vilikuwa vyangu vya kila siku, kazi ya darasani.

Heynowski na Scheumann hawakuhitaji kufika Moba ili filamu yao ikamilike. Lengo lao lilikuwa Bonn, serikali ya Ujerumani nyingine, na Müller alikuwa mshale wao. Kongo ilikuwa mahali ambapo mshale ulichafuka kwa damu. Kwa hiyo katika saa ile nzima hakuna Mkongomani anayeulizwa kitu. Sisemi kwa kuwalaumu. Kila mtu hulima shamba lake. Ila shamba letu limebaki pori, na vita vya 1984 na 1985 vimeota juu ya vile vya 1964, na vile vya miaka ya tisini juu ya hivyo, mpaka vijana wanachanganya vita gani vilimwua babu yupi.

Tangu usiku ule mpwa wangu na mimi tumeanza. Yeye ana simu yenye kamera nzuri, na mimi najua milango ya kubisha. Tunauliza kama wale wawili walivyouliza, taratibu, bila kumkatiza mtu, tofauti yetu ni kwamba tunajitambulisha mlangoni, na kinywaji ni chai. Mama mmoja wa Kirungu ametuambia ni akina nani walioamriwa kubeba mapipa ya petroli mpaka majini siku ile mashua zilipoondoka. Alikuwa msichana, alikuwa amebeba maji, alisimama akawahesabu kwa kuwa kaka yake alikuwa mmoja wao. Mwingine anakumbuka kwamba injini moja iliachwa mchangani, na kwamba wavuvi waligombania nyaya zake.

Mpwa wangu sasa anaandika maneno yote ya Müller kwa Kiswahili, ili tuionyeshe filamu ukumbini Kirungu na mtu aisome kwa sauti picha zikienda. Nimekwisha kuanza kualika. Mzee mmoja wa bandarini, aliyekuwa mvuvi kijana mwaka ule na aliyetengeneza nyavu akitazama mashua zile, amekubali kuja kwa sharti moja: Mjerumani akimaliza kuongea, watu wasiruhusiwe kuondoka, na kamera igeuzwe upande wake, maana yeye pia ana ya kusema, na ataanzia kwenye upepo.